Wazee Watatu, Tatizo Moja

Mwanamke wa kwanza kuufungua mlango asubuhi ile alikuwa anatafuta choo. Wa pili alikuwa na jino.

"Hapa ndipo wanapong'oa?" aliuliza, kashika shavu.

"Hapana, mama. Hapa ni ushauri nasaha. Karibu ukae tuzungumze."

Yule mama alirudi nyuma hatua moja, akakisoma kibao cha mlangoni, akakisoma tena. USHAURI NASAHA NA AFYA YA AKILI, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za hatari ya umeme.

"Mimi jino tu, mwanangu," alisema. "Kichwa changu kizima, alhamdulillahi."

Akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliye ndani.

Khairat Mansour akabaki na viti vyake viwili, meza na boksi la karatasi laini za kufutia machozi ambalo halijafunguliwa. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Chuo kilitaka kila mwanafunzi awe amekaa na wateja masaa mia moja, yaliyoandikwa na kutiwa saini, ndipo avae joho. Tisini na nne aliyapata skuli alikopangwa mwanzo, ambako watoto waliletwa na walimu wao wapende wasipende. Hapa kituo cha afya hapakuwa na wa kumleta mtu. Yalibaki masaa sita na siku kumi na nne. Asiyetimiza alingoja mahafali ya mwaka mwengine, na hoteli moja ya Kendwa iliyotaka mshauri wa wafanyakazi wake ilishamwambia waziwazi: njoo na cheti, usije na hadithi.

Upande wa pili wa ukuta jino lilikuwa likitoka kwa makelele. Khairat alisikiliza akaona wivu. Watu wako tayari kushikwa kichwa na kung'olewa kitu mwilini mwao, lakini kukaa kwenye kiti na kusema linalowauma, hapana.

Nyumbani kwao Jang'ombe asubuhi zote zilikuwa za wanawake. Mama yake, Bi Nunu, alikuwa mpakaji wa hina na piko, na ikifika saa mbili ukumbi ulishajaa bibi harusi, mashoga wa bibi harusi na mashangazi wa bibi harusi, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, mikono imeachwa ikauke, midomo haina kazi nyengine ila kusema. Mwanamme hapiti hapo. Bwana Mansour akitaka hata kandambili zake alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, akangoja nje wageni wajisitiri, na mara nyengine wakamsahau kabisa.

Kwa hiyo asubuhi zote Bwana Mansour alikuwa "ana shughuli mjini". Alirudi saa saba, ukumbi ukishafagiwa, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni, vilevile kama alivyorudi miaka thelathini na moja alipokuwa karani bandarini. Kustaafu alikuwa amestaafu miezi minane nyuma.

"Vipi wendawazimu wako?" Bi Nunu alimuuliza binti yake akipakua wali.

"Si wendawazimu, mama. Ni wateja."

"Haya, wateja. Wangapi leo?"

"Mmoja alitaka choo."

"Umemwonyesha?"

"Nimemwonyesha."

"Basi umemsaidia mtu. Lete sahani ya baba'ko."

Bwana Mansour alikohoa. "Khairat, niandike mimi. Nije kesho."

"Jamaa hawaruhusiwi, baba. Mtu hamshauri baba yake."

"Ntakuja na jina jengine. Ntasema naitwa Ubwa, nimeshuka na boti kutoka Pemba."

"Na shida yako nini wewe?" Bi Nunu alicheka. "Umestaafu, unakula, unalala. Wenzio wanayaomba hayo kila sala."

Bwana Mansour naye alicheka. Akachukua kipande cha pweza, akakigeuza kwenye sahani, akakigeuza tena.

"Basi ni watu wangapi unaowataka?" aliuliza.

"Masaa sita, baba. Hata watu watatu, kila mmoja akaja mara mbili."

"Watatu," alisema Bwana Mansour, na akaitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

Siku ya pili yake, saa tatu kamili, mlango ulifunguliwa na Mzee Simai, mwalimu mstaafu wa jiografia. Aliingia kinyumenyume, akichungulia ukumbi wa nje, kisha akakaa na fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja na tatizo."

Moyo wa Khairat uliruka. Alichukua karatasi ya ridhaa, akamweleza kuwa yote yatabaki siri, akamtilisha saini, akaangalia saa ya ukutani. Dakika ya kwanza ilishaanza.

Mzee Simai alisema anaamka alfajiri, anasali, anapiga pasi shati lake, anatoka. Hana anapokwenda. Anatembea tu mpaka anachoka, kisha anarudi nyumbani akijifanya katoka kazini. Alisema maneno hayo kwa sauti ya darasani, na kila baada ya sentensi aliangalia kama Khairat ameandika. Khairat aliandika. Alitikisa kichwa kama alivyofunzwa, akasema, "Nnakusikia," akasema, "Na hilo linakufanya ujisikie vipi?" na saa moja ikamalizika.

Tisini na tano.

Siku iliyofuata alikuja Ismail kinyozi. Naye alikuwa na tatizo. Naye alikuwa anaamka alfajiri, anapiga pasi shati, anatoka, hana anapokwenda. Jumatatu akaja Mzee Himid, muuza samaki, mwenye kifua kama kabati na sauti ya kunadia, akanong'ona kwamba anaamka alfajiri. Wiki hiyohiyo wakaanza upya: Simai, Ismail.

Khairat alikwenda nyumbani siku hizo akiimba. Aliandika ripoti zake usiku akiwa na furaha mpaka mwandiko ulilala upande. "Kustaafu kwa wanaume wa makamo mjini," aliandika, "ni jambo kubwa kuliko tulivyodhani." Tisini na sita, tisini na saba, tisini na nane, tisini na tisa.

Jumatatu ya pili Mzee Himid aliingia kwa mara yake ya mwisho. Alikaa, akafuta jasho.

"Tuliishia pale ulipokuwa unatoka nyumbani," Khairat alimkumbusha, jicho moja kwenye saa.

"Naam. Natoka. Nikishatoka nakwenda mpaka geti la bandari. Nasimama upande wa pili wa barabara. Naangalia watu wanavyoingia na vitambulisho vyao. Kisha..." Aliangalia dari. "Kisha... Ngoja kwanza. Kuna kitu hapa."

Alikigeuza kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, lakini kazi yake ilikuwa na maji na barafu tangu asubuhi, na wino ulikuwa umekwenda na samaki.

"Kisha nadhani narudi," alisema. "Au kuna kitu cha kitambulisho. Kitambulisho changu cha zamani, nnakibeba mfukoni. Ndiyo. Hapo nalia. Hapana, hapo silii. Karibu nalia."

Kalamu ya Khairat ilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wiki mbili aliiacha saa akamtazama mtu aliyekuwa mbele yake. Alikuwa kavaa fulana yenye magamba ya changu.

"Mzee Himid, wewe unauza samaki."

"Naam."

"Leo asubuhi umeuza?"

"Nimeuza. Jodari mzuri, mama'ko akitaka nimwekee mkia."

"Hujastaafu."

"Mimi? Nani atanistaafisha mie?"

"Na hilo shati unalolipiga pasi?"

Mzee Himid aliangalia fulana yake, kisha akaziweka mikono yake mikubwa juu ya magoti kama mtoto aliyekamatwa na embe la jirani.

"Mwanangu, nisamehe. Kumbukumbu yangu mbovu. Mansour katusomesha kila jioni pale kwenye kahawa. Mwalimu Simai kalihifadhi lote, hata mtihani katupa."

Khairat aliyahisabu kichwani. Masaa sita ya uongo. Lakini si hilo lililomchoma. Kinyozi amekaa mbele yake mara mbili akisema amestaafu, kinyozi huyohuyo anayemnyoa baba yake kila Ijumaa, na yeye alitikisa kichwa akasema, "Nnakusikia." Hakumsikia mtu. Alikuwa akiisikia saa ya ukutani.

Aliichukua karatasi aliyoandikia, akaipindua kifudifudi.

"Mzee Himid, umeshafika na umeshakaa. Huna lako mwenyewe?"

"Langu?" Mzee Himid alicheka. "Mimi nna nini mie." Kisha hakucheka. Alitazama mlango, akahakikisha umefungwa. "Sasa hilo utalisema kwa baba'ko?"

"Silisemi popote."

Aliyoyasema Mzee Himid saa ile hayamo humu, kwa sababu ni yake. Lakini boksi la karatasi laini lilifunguliwa, na alipotoka alikuwa kaiinamisha kofia mpaka kwenye nyusi.

Msimamizi wake chuoni alikuwa Daktari Kawthar, mwanamke mfupi aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alizisoma ripoti zote sita, zisizokuwa na majina, huku Khairat kasimama.

"Huyu wa pili ameandikwa kazi yake ni kinyozi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na shida yake ni kustaafu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kinyozi anastaafu wapi, Khairat? Anapewa barua na nani?"

Khairat alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza, karatasi zilikuwa na saini zote na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuja kusema na akasema, tangu kahawa mpaka kiganja cha muuza samaki. Daktari Kawthar aliivua miwani ya machoni, akafuta macho. Ilikuwa dhahiri anacheka na hataki kucheka.

"Matano nayafuta," alisema hatimaye. "Hilo la mwisho umelifanya kweli, nalihesabu. Una tisini na tano. Mwisho wa kupokea fomu ni Alhamisi saa sita mchana, na mimi sina ruhusa ya kumwongezea mtu hata dakika."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Na hili tatizo walilolisema wote watatu. Mwenyewe ni nani?"

Khairat alifungua mdomo. Hapo ndipo alipoliona lote pamoja: shati jeupe, kalamu, "shughuli mjini". Aliufunga mdomo.

"Mwambie aende kwa mtu," alisema Daktari Kawthar. "Asiwe wewe."

Alimkuta baba yake nje ya nyumba, kakaa kwenye ngazi, maana ndani bibi harusi alikuwa hajakauka. Habari zilishamfikia. Mzee Himid alikuwa amepita kuomba radhi kwa kuharibu kazi.

"Nlitaka kukusaidia, mwanangu."

"Najua, baba." Alikaa karibu yake. "Lakini ungewapa angalau matatizo matatu tofauti."

Bwana Mansour aliikunja mikono ya shati lake, akaikunjua.

"Nnalo moja tu," alisema.

Kutoka ndani walisikia kicheko cha wanawake, na sauti ya Bi Nunu ikisema usiukunje mguu, utaniharibia ua.

"Mama anajua?"

"Mama'ko anajua nafuatilia mafao."

"Baba, mafao yalitoka mwezi wa tatu."

"Basi nayafuatilia polepole."

Khairat hakucheka, ingawa alitamani. Alimwambia kuna mwenzake wa chuoni, Hisham, yuko kituo cha Uroa. Kijana mpole, hamjui mtu yeyote wa Jang'ombe. Bwana Mansour alisema yeye si mgonjwa. Alisema Uroa ni mbali. Alisema kijana wa miaka ishirini na sita anajua nini habari za bandari. Mwisho akasema atafikiri, neno ambalo katika nyumba ile maana yake ilikuwa hapana.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa na mambo. Mwalimu Simai alirudi, bila ya sauti ya darasani. Alisema anaona vibaya kuchukua masaa mawili ya mtu kwa shida ya kuazima na hali anayo yake nzima nyumbani. Alikaa masaa mawili, saa moja kila siku. Ismail kinyozi naye alikuja, Jumanne na Jumatano, na vifaa vyake mfukoni ili wapita njia wadhani kaitwa kunyoa mtu. Ikafika Jumatano jioni Khairat ana tisini na tisa. Mzee Himid akatuma salamu: kesho saa tatu asubuhi atakuja, samaki atamwachia mwanawe.

Saa moja tu. Khairat alilala akiihisabu kama mtu anavyohisabu kitu ambacho kishakuwa chake.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, alipokuwa akifunga mtandio, alimkuta baba yake mlangoni. Kavaa kanzu, kavaa kofia, na mkononi ana kikapu.

"Twende," alisema.

"Wapi, baba?"

"Uroa. Mama'ko nimemwambia tunakwenda kununua samaki." Aliangalia ndani, akashusha sauti. "Nimekesha nikiitafuta nia hii. Nimeipata saa kumi. Lakini peke yangu siendi, nakwambia kweli. Nikifika njia panda ntageuka."

"Hisham atakuwepo na Jumamosi, baba."

"Jumamosi mimi sitakuwepo. Mtu huyu unayemwona hapa Jumamosi hayupo. Najijua."

Khairat aliangalia saa ya simu yake. Kwenda Uroa, kukaa, kurudi: saa sita itakuwa ishapita. Alimtazama baba yake, karani aliyepitisha makontena ya nchi nzima bila ya kosa, kashika kikapu kwa mikono miwili. Hakujua kuwa leo ndiyo mwisho wa fomu za binti yake. Na Khairat alijua kwamba akimwambia atasema, basi nenda, mwanangu, na atafurahi kusema hivyo, na hatakwenda tena maisha yake.

"Ngoja nimpigie mtu simu," alisema.

Mzee Himid alipokea kwa kelele za sokoni. "Leo si ndiyo siku yenyewe? Nshaoga mimi!"

"Tufanye wiki ijayo, mzee. Nakuja kukusikiliza hata hivyo."

Kituo cha Uroa kilikuwa nyumba ndogo iliyopakwa chokaa, na benchi nje. Hisham alimpokea Bwana Mansour kwa "Shikamoo" ya adabu, akamwingiza, akafunga mlango. Khairat alikaa kwenye benchi. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha alisikia sauti ya baba yake ikianza, chini, ikikatika, ikianza tena, na akasimama akaenda kukaa mwisho wa benchi, kisha akatoka kabisa akakaa juani, kwa sababu sauti hiyo haikuwa yake kuisikia.

Saa nne. Saa nne na nusu. Saa tano. Alimwandikia Daktari Kawthar ujumbe kuwa ana tisini na tisa na hatoleta fomu. Jibu lilikuja mara moja: "Pole. Mwakani. Lakini uko wapi?" Akajibu: "Nimemleta mtu." Baada ya muda simu ikatoa mlio tena: "Vizuri."

Saa tano na robo mlango ulifunguliwa. Bwana Mansour alitoka na macho mekundu na uso kama wa mtu aliyetua mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi. Nyuma yake Hisham alikuwa akizikagua karatasi zake kwa mshangao.

"Khairat," alinong'ona, "mimi nilikuwa nimebakisha saa moja na robo. Mzee amenitimizia. Nikikimbia na pikipiki nafika!" Kisha akamtazama, na akakumbuka. "Na wewe?"

"Kimbia," Khairat alimwambia.

Hisham alikimbia. Bwana Mansour alimtazama mpaka vumbi likatulia.

"Anakimbilia wapi?"

"Kuna fomu. Mwisho saa sita."

"Na yako?"

Khairat aliinama akaokota kikapu. Bwana Mansour alikuwa karani. Alijua tarehe, alijua mwisho wa kupokea, alijua sura ya mtu aliyechelewa geti. Aliketi kwenye benchi kwa uzito.

"Ungeniambia."

"Ungerudi ndani, baba."

"Ningerudi," alikiri. "Huniulizi nimesema nini?"

"Siruhusiwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kazi ngumu hii," alisema Bwana Mansour kwa heshima ambayo hakuwahi kuitia sautini alipoitaja kazi ya binti yake. "Kaniambia nirudi Alhamisi. Ntarudi peke yangu. Wewe siku hiyo nisikuone machoni, kaa kazini kwako."

Simu ya Khairat ililia. Ilikuwa Bi Nunu, na nyuma yake ukumbi mzima wa wanawake.

"Mko wapi nyinyi? Samaki gani huyo anayesakwa tangu alfajiri? Mmepata changu au hamkupata?"

Khairat alimtazama baba yake, tayari kusema wamepata. Bwana Mansour alinyosha mkono, akaichukua simu.

"Nunu," alisema, "sikuja kununua samaki."

Ukumbi wote ulimsikia, maana simu ilikuwa kwenye spika. Mikono ya Bi Nunu ilikuwa na hina.

"Nilikuja kuzungumza na mtu. Na mjini asubuhi sina shughuli. Sinayo tangu nilipostaafu. Naondoka tu ili nisiwazibie njia. Nikirudi ntakueleza, tukae, unisikilize."

Kisha wakasikia Bi Nunu akiwaambia wageni wake, kwa sauti isiyokuwa ya kawaida yake, kwamba leo anafunga mapema, waliokauka wakaoshe, na wasiokauka wakaukie makwao.

"Njoo, Mansour," alisema kwenye simu. "Nakungoja." Na kabla hajakata: "Lakini na samaki njoo naye, maana nshawatia watu hamu."